Kinanda Kisichopumua

Bajaji ilipokata kona kuingia mtaa wetu wa Isevya,
sanduku limetokeza nje kama ulimi wa ng'ombe mwenye kiu,
mama Nsimba aliacha kuanua michembe, akauliza:
"Kalunde, umenunua kitanda?"
Nikamwambia, kinanda.
Herufi moja tu, jirani,
lakini herufi hiyo nimeishonea sketi za shule
miaka mitano, pindo kwa pindo,
na suruali za mgambo ambazo sijalipwa hadi leo.

Seleli wa nyumba ya pili akaja na bisibisi ya babaye.
Karatasi ya maelekezo ilikuwa michoro na Kichina;
tukaifuata michoro.
Mguu wa kushoto ukakaa kulia,
tukaufungua, tukaanza upya,
yeye akihesabu skrubu kwa sauti kama mtu anayegawa nyama.
Mwisho ikabaki moja.
Tukazunguka, tukachungulia chini, tukatikisa:
kimesimama.
Nikaitia droo ya cherehani, katikati ya bobini.
Siku ikihitajika, itajisema.

Aliyehama ni cherehani.
Miaka ishirini na sita ilikaa chini ya dirisha,
saruji pale imelika kina cha kidole
kwa visigino vyangu.
Nimeisogeza kando ya kabati la vyombo,
na moyo ukanisuta kama niliyemwinua mgonjwa
ili mgeni apate pa kukaa.

Mimi nilijifunzia kanisani, kinanda cha miguu,
kikuukuu, panya wamekula ngozi ya mapafu yake.
Ukiacha kukanyaga, wimbo unakata roho
katikati ya neno.
Mwalimu Lugendo alikuwa akituambia:
mikono ni mapambo, anayeimba ni mguu.

Basi nilipochomeka waya, taa nyekundu ikawaka,
nikabonyeza kitufe kimoja, cha katikati,
sauti ikatoka nzima, nono, bila kubembelezwa,
na mimi nikajikuta
miguu yote miwili inakanyaga sakafu tupu,
inatafuta upepo.

Seleli akacheka hadi akakaa chini.
"Hiki kinakula umeme, mama. Wewe pumzika."

Usiku nikavaa visikizio nisiwaamshe watu.
Ndani ya masikio yangu palikuwa na ukumbi,
dari iko juu huko, viti vimejaa.
Nje, ananiambia Milembe, binti yangu,
hakukusikika wimbo wowote,
ila tak, tak, taktak.
Akadhani nashona.
Akageukia ukutani, akalala ule usingizi wa utotoni,
wa ada isiyodaiwa bado, wa cherehani ikienda.

Kasanda alipiga simu kutoka Urambo, kwenye soko la tumbaku.
Salamu hazijaisha, kauliza:
"Kinaingiza hela?"
Nikasema, kinakula uniti.
Kimya. Nikasikia mizani, watu wakibishana kilo.
Halafu: "Haya, kipige basi, nisikie."

Nikailaza simu juu ya kinanda, karibu na spika.
Nikaanza ule wa mavuno, anaoupenda,
na ubeti wa pili haujageuka
umeme ukakatika Isevya yote.
Vitufe themanini na nane
vikawa meno tu, gizani.

"Halo? Kalunde? Halo?"

Sikunyanyua mikono.
Vidole vilikuwa vinaijua njia, vikaendelea,
tak, tak, taktak,
na chini ya meza visigino vikapanda, vikashuka,
vikikanyaga saruji pale pale ilipolika,
mpaka nikaufikia mwisho
na nikakaa.

"Eee," akasema Kasanda kutoka Urambo.
"Sasa nimekusikia."